Rifleketa ya mwili mkubwa: kwa mnaoanza kazi saiti na bandarini huku Lamu

Hamjambo nyote. Haya ni ya nyinyi mnaoitwa kazi sasa hivi, iwe bandarini Kililana, iwe barabara, iwe machimbo ya mawe Manda Maweni ama mjengo wa mtu binafsi hapo Mokowe, na hasa nyinyi wenye miili, wa kifua, wa kitambi, wa mabega, wa nyonga. Wembamba hawana shida, akipewa yoyote anaingia. Mimi kazi yangu ni stoo, mimi ndo nagawa helmeti, buti na rifleketa, ile fulana ya rangi kali yenye tepu za kung'aa ya kuvaa juu ya nguo, na mwili ninao pia, kwa hio haya nayajua nikiwa nyuma ya kaunta na nayajua nikiwa navaa.

Shida huanza hivi. Stoo nyingi huagiza L na XL kwa mafungu, pengine na XXL chache za kujaribu, kisha watu wakigawiwa wale wakubwa wanajikuta mwisho wa foleni na kilichobaki ni XL. Anaambiwa "vaa hio hio wacha wazi, bora rangi ionekane". Na mtu mgeni kazini hawezi kubishana, tena anaona haya kuulizia saizi yake mbele za watu, basi anavaa zipu wazi, rifleketa imeninginia mbavuni huku na huku kama pazia la mlangoni, na huyo anashuka zake mbele ya tipa. Akimuona ofisa wa safeti kwa mbali anaishikanisha kwa mkono mpaka apite. Nyote mtakutana na hili wiki ya kwanza.

Mbona nalishikilia hivi? Sababu rifleketa ina vitu viwili ndani yake na vyote viwili vinaharibika ukiiacha wazi. Cha kwanza ni rangi. Ile njano kali ama chungwa kali inachukua miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, ultravaioleti, inaigeuza kuwa mwanga unaoonekana, ndo maana inawaka kuliko shati la njano la kawaida, na inawaka zaidi alfajiri, jioni na siku ya mawingu mazito ya masika. Usiku jua hakuna, kwa hio rangi inalala. Hapo inaamka tepu, ile ya kijivu ya kung'aa, ambayo ina vishanga vya kioo vidogo mno, nyingine ina viprizimu, vya kuurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Taa ya gari ikikupiga, mwanga unarudi kwa macho ya dereva mwenyewe. Gari lisilowasha taa, tepu haina la kufanya, na hilo pia mulijue, kuna watu wanadhani tepu inatoa mwanga wake.

Sasa huku kwetu jua likizama giza haliombi ruhusa, dakika chache tu mshamaliza, na shifti nyingi zinabadilishana saa hizo hizo, asubuhi kabla jua halijapanda na jioni magharibi ikiingia. Yani wakati rangi inaanza kuchoka na tepu ndo inaanza kazi. Ukiwa umesimama unamtazama dereva na rifleketa iko wazi, katikati ya kifua chako kuna fulana nyeusi ama buluu upana wa kitabu kikubwa kilichofunguliwa, na tepu imekatika hapo. Dereva haoni umbo la mtu, anaona vijistari viwili vyembamba pembeni ambavyo vinaweza kuwa kigingi ama debe. Ile mizunguko ya tepu kiunoni na mabegani iliwekwa makusudi izunguke mwili mzima ili ukigeuka upande wowote, hata ukiwa umempa mgongo, ajue huyu ni binadamu.

Tuje kwa lebo, na hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Rifleketa nyingi zinazofika huku zinatengenezwa kwa viwango vya nje. Kimoja ni cha Ulaya, EN ISO 20471, kilitoka 2013 kikachukua nafasi ya EN 471 ya zamani. Kingine ni cha Marekani, ANSI/ISEA 107, na toleo mtakaloliona sana siku hizi ni la 2020. Cha Ulaya kina klasi tatu, yani ngazi za kuonekana, 3 ndo ya juu. Klasi 1 inataka rangi isipungue mita mraba 0.14 na tepu 0.10, klasi 2 inataka rangi 0.50 na tepu 0.13, klasi 3 rangi 0.80 na tepu 0.20. Tepu yenyewe isiwe nyembamba kuliko milimita 50, yani sentimita 5. Piga hesabu uone, tepu ya sentimita 5 ili ifike 0.13 inataka urefu wa mita 2.6. Sasa mtu ambaye tumbo lake lina mzunguko wa sentimita 140, mizunguko miwili tu ishapita hapo kabla hujahesabu za mabegani, kwa hio mwili mkubwa kwa wingi wa tepu hauna tatizo lolote, mashallah. Tatizo letu ni kufunga.

Na kwenye kufunga standadi imesema waziwazi. Mahali tepu inapokatika, kwa zipu ama kwa mshono, pengo lisizidi milimita 50. Hio ni sawa na upana wa tepu yenyewe, kwa hio huhitaji futi, chukua ncha ya tepu ya rifleketa nyingine uiweke pale mbele: ikiwa pengo limeimeza na bado kuna nafasi, hio saizi siyo yako, rudisha. Ya Marekani pia haiko mbali, inchi 2. Tena tepu ya kuzunguka kiwiliwili isiinuke wala kushuka zaidi ya digrii 20, na kwa mtu wa tumbo ama wa kifua hili linatokea sana, ile tepu inapanda mbele inashuka nyuma, ukitazama kwa ubavu imelala mshazari. Ukiiona hivo jua rifleketa inavutwa, ni ndogo hata kama zipu imefika juu.

Jambo moja watu hawalijui, kipimo cha eneo la rangi na tepu kwenye EN ISO 20471 kinapigwa kwa saizi ndogo kabisa ya modeli ile. Ikiwa ndogo imefaulu klasi 2, basi 4XL na 5XL ya modeli hio hio zimefaulu na chenji imebaki. Kwa hio muuzaji akikwambia "za saizi kubwa zinakuja klasi 1 pekee" hapo kuna walakini, mwambie akuoneshe lebo. Lebo ya kweli imeshonwa ndani, ina jina la mtengenezaji, ina nambari ya standadi imeandikwa kamili, ina kamchoro ka rifleketa na nambari pembeni yake, ile nambari ndo klasi, na ina kamchoro kengine ka mtu mwenye mishale kenye sentimita za kifua na urefu. Ya Marekani itaandikwa Type R Class 2 kwa kazi za barabarani, Type O ni ya mahali hakuna magari ya barabara. Kikaratasi kilichoninginizwa kwa uzi peke yake si lebo, kinang'oka na ukaguzi ukija huna cha kuonesha.

Mtu akikuuzia fulana isiyo na mikono akakwambia hio ni klasi 3, tabasamu tu. Klasi 3 inataka mikono yenye tepu, ama uvae na suruali yenye tepu pamoja. Kazi ya usiku barabarani, wale wa kushika bendera na kupanga koni, wanahitaji hio, na suruali nayo ina habari yake ya saizi lakini leo siingii huko.

Sasa kupima. Usiniambie "mimi huvaa XXL". XXL ya nani? Nimeshaweka XXL mbili juu ya kaunta, kampuni tofauti, moja imeipita nyingine kwa kiganja kizima. Herufi ni jina tu, kipimo ni sentimita zilizo kwenye kale kamchoro. Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini, pima kifua pale kilipojaa kabisa, kisha pima tumbo pale lilipojaa kabisa, na upime juu ya nguo unazofanyia kazi, siyo juu ya singlendi. Ile nambari kubwa kati ya mbili ndo yako. Kisha kaa kwenye kiti upime tumbo tena. Watu wa mashine hii ya kukaa ni lazima, sababu tumbo likikaa linatanuka na rifleketa iliyofunga vizuri ukiwa wima inaanza kulia.

Kuna mzee mmoja wa greda, mtu wa Mpeketoni, mcheshi sana, alikuja kaunta asubuhi.

"Mama stoo, nipe XXL niende, mimi XXL miaka yote."

"Sawa mzee wangu, lakini niwie radhi tukupime kwanza."

Mimi kumzungushia mwanamume futi hapana, nikampa kijana aliyekuwa nyuma yake. Kifua 122. Tumbo 131. Nikamwambia akae juu ya ndoo, tumbo 137. Ile XXL aliyoitaka lebo yake ilisema kifua 116 mpaka 124, kwa hio kifua kiliingia vizuri sana, ndo maana miaka yote akaamini ni yake, lakini zipu ilikuwa inafika kitovuni inagoma. Nikamletea 4XL ya kampuni ile ile. Ilifunga, ila mabega yake si makubwa kivile, tundu za mikono zikashuka karibu na kiuno na nikamuona akinyoosha mkono kama anashika levaa, kitambaa kikatangulia mkono. Hio kwenye kebini ni balaa, inanasa. Tukamaliza na 3XL ya kampuni nyingine, lebo 132 mpaka 140, yenye velkro za ubavuni za kupunguza. Akafunga juu, akaachia chini, akakaa juu ya ndoo, akasimama, akainama kushika kiatu. "Ala, kumbe naweza kupumua." Basi.

Kwa hio mwili mkubwa haumaanishi chukua kubwa kuliko zote. Kuna mkubwa wa tumbo mwenye mabega madogo, kuna mkubwa wa mabega asiye na tumbo, wale vijana wa kubeba mizigo jetini, kuna mrefu ambaye upana wake wa kawaida lakini rifleketa inamuishia juu ya mkanda, akiinua mikono tepu ya chini imefika mbavuni. Iliyopwaya ina hatari zake. Mkanda wa kupeleka kokoto, rola, winchi, shafti inayozunguka, kitambaa kinachoninginia kikishikwa kinamvuta mwenye nacho. Na wakati wa kusi upepo ule wa baharini ukiingia chini ya rifleketa pana unaipandisha mpaka usoni, nimeona mtu amefunikwa macho yuko juu ya ngazi. Kama unafanya kazi karibu na vitu vinavyozunguka ulizia zile za kuachia, zimeungwa kwa velkro mabegani, ubavuni na mbele, zikivutwa zinafunguka zote zinabaki kwenye mashine bila wewe. Zipo za saizi kubwa pia, ila kwa mtu wa tumbo hakikisha velkro ya mbele imepandana vya kutosha, velkro iliyoshikana kwa ncha tu ukipiga chafya inafunguka.

Lakini wasiokuwa karibu na vinavyozunguka, wale wa kuendesha mashine kama greda na wa kutembea sana, kati ya zipu na velkro mimi nawapa zipu, inashika, na tepu inakutana vizuri mbele. Lakini zipu ya plastiki nyembamba kwa mwili unaoisukuma haikai, meno yanatawanyika kutoka chini. Angalia zipu kabla ya rangi.

Kina dada na kina mama, njooni hapa. Rifleketa nyingi zimekatwa kwa mwili wa mwanamume, mstatili juu mpaka chini. Mwenye kifua kikubwa inafunga mabegani, inakaza kifuani, kisha chini inasimama mbali na mwili, ama mwenye nyonga inafunga juu lakini chini inagoma na akitembea inapanda yote mpaka kiunoni. Ukichukua kubwa ili nyonga ziingie, shingo inakuwa pana mpaka inateleza begani, na ile tepu ya begani ikiteleza mkononi hio si rifleketa tena. Zipo zilizokatwa kwa mwili wa mwanamke mpaka saizi kubwa, na zipo za kawaida zenye zipu ama vifungo vya ubavuni unafungua chini tu nyonga zipate nafasi, mimi navaa hizo. Kama huzipati mwambie anayeagiza akutafutie yenye marekebisho ubavuni, ni nafuu kuliko kuhangaika.

Na mtandio. Mtandio uingie ndani ya rifleketa, ncha zote, mbele na nyuma. Nimeona binti amevaa vizuri kila kitu, rifleketa mpya, saizi yake, kisha mtandio mweusi mpana umelala juu ya mabega mpaka mgongoni, tepu za mabegani zimekwisha na nusu ya rangi ya mgongo imekwisha. Alivyoambiwa aukusanye ndani akasema joto, na ni kweli joto, Lamu ya Februari si mchezo. Basi tafuta mtandio mwepesi wa pamba, mfupi, na rifleketa ya wavu, ile ya vitundu, zipo za wavu zenye lebo kamili ya klasi 2, zinapitisha upepo. Dera nalo kwa saiti siyo, hilo mnalijua wenyewe.

Chochote kinachokaa juu ya rifleketa kinakula rangi na tepu. Begi la mgongoni. Redio iliyobandikwa kifuani. Kanda za kumfunga anayefanya kazi juu asianguke. Na kwa sisi wa maji, lifejaketi: watu wa jetini wanavaa rifleketa kisha lifejaketi ya buluu juu yake, mtu mzima anageuka buluu. Ukiwa ukingoni mwa maji lifejaketi ni lazima, kwa hio lifejaketi yenyewe iwe ya rangi kali na tepu, ama uvae rifleketa yenye mikono ili angalau mikono ionekane, na usifungie rifleketa juu ya lifejaketi ya kujijaza upepo, ile inayolipuka ikigusa maji, manake itakubana kifua pale pale unapoihitaji. Lifejaketi nayo ina saizi na uzito wake kwenye lebo, usome.

Koti la mvua ni hivo hivo. Masika ikipiga watu wanavaa makoti ya kijani kibichi juu ya rifleketa. Ama koti liwe na rangi na tepu zake za kiwango, ama rifleketa iwe juu ya koti, na ikiwa juu ya koti basi ile saizi uliyopima Januari haitoshi. Mtu mwembamba anapita tu, sisi hatupiti. Pima na koti ukiwa umelivaa, uchukue yenye marekebisho ya ubavuni ambayo kiangazi unaikaza na masika unaiachia.

Mafundi wetu wa cherehani hodari sana, wallahi, lakini hapa niacheni niseme. Tabia ya kupeleka XL kwa fundi akapasua ubavuni, akatia kipande cha kitambaa cha njano cha dukani, ikawa kubwa, haifai. Kile kitambaa kinafanana rangi mchana lakini hakina ile kemikali ya kuwaka, na tepu imekatika kila upande kwa upana wa kile kipande, na ile lebo ndani inabaki inasema klasi 2 na si kweli tena. Vilevile pini za kushikanisha mbele, na kukata sehemu ya chini kwa sababu ni ndefu, tepu ya chini inatakiwa iwe na angalau sentimita 5 za rangi chini yake, ukikata umeiondoa. Hata jina la kampuni mgongoni, wengine wanalipiga kubwa mpaka linafunika rangi yote, ukiagiza za kuchapishwa mwambie mchapishaji asiguse tepu na aache rangi ya kutosha. Na mafundi wa kuchomelea, rifleketa ya kawaida ni poliesta, cheche ikiigusa inayeyuka inagandia mwili, ulizia ya kuhimili moto ama uivue ukiwa unachomelea mahali hakuna magari.

Tepu feki utaijuaje bila maabara? Zima taa chumbani, tundika rifleketa ukutani, rudi nyuma hatua kama kumi, shika tochi ya simu karibu kabisa na jicho, pembeni ya uso, umulike. Ya kweli inakuwakia nyeupe kali. Feki inabaki kijivu kama foili ya sigara. Tochi ukiishika chini kiunoni hutaona tofauti, mwanga unarudi unakotoka, kwa hio jicho liwe pale pale kwenye tochi. Kisha jaribu na ile ya zamani unayoijua ni nzuri, uzilinganishe.

Kufua ni haraka. Soma lebo, mara nyingi imeandikwa idadi ya juu ya kufuliwa, ikipita hapo mtengenezaji hakuhakikishii tena. Usitie Jik, usipige pasi juu ya tepu, usisugue tepu kwa brashi. Chumvi ya bahari suuza na maji matamu siku hio hio. Anika kivulini, lile jua linalokausha samaki wetu ndo linaloua ile rangi, njano inaanza kuwa njano ya ndizi, chungwa inakuwa waridi. Iweke karibu na mpya ukitaka kujua kama imekwisha, peke yake jicho linazoea. Sisi wenye miili pia tunazimaliza mahali petu, chini ya kwapa na mwisho wa zipu, pakaguliwe hapo kwanza.

Kuhusu nani analipa: sheria ya usalama kazini ya Kenya, ile OSHA ya 2007, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na kukufaa wewe maana yake kukuenea wewe, haijasema kuenea watu wa wastani. Na sheria hio hio inakutaka wewe uvivae ukipewa. Kwa hio usiogope kuuliza, lakini uliza mapema. Siku unayojaza fomu ya kazi andika kifua, tumbo na urefu kwa sentimita, pembeni ya jina lako, hata kama fomu haina sehemu hio. Saizi hizi hazikai kwenye maduka ya huku, zinaagizwa Mombasa zinapanda basi mpaka Mokowe, na kama wewe uko kisiwani ama Manda bado kuna boti, mkiomba asubuhi ya kazi mtapewa XL iliyo wazi, hakuna muujiza. Vijana wa bodaboda wa Hindi na Mokowe, nyinyi mnajinunulia na sheria ya trafiki inawataka jaketi la rifleketa na helmeti, basi haya yote yanawahusu, na kumbukeni abiria anawafunika mgongo mzima, naye awe na lake.

Na wenzangu wa stoo, ikiwa mko hapa, XXL na 3XL msiwape vijana wembamba wanaozipenda zinavyopwaya, wekeni kando mpaka orodha ya vipimo iishe. Msimtangazie mtu saizi yake kwa sauti mbele ya foleni. Mpe, aingie nyuma ajaribu, atoke.

Mtu akikuuliza uagizie nini, mtumie hivi, badilisha nambari uweke zako: "Rifleketa klasi 2, EN ISO 20471 ama ANSI 107 Type R, lebo iwe imeshonwa ndani, njano, ya wavu, zipu ngumu mbele, marekebisho ubavuni, kifua sm 128, tumbo sm 136 nikikaa, urefu sm 170, mabega ya kawaida. Nataka mbili, moja nikiifua niwe na nyingine. Ikija tofauti na vipimo hivi nitairudisha kwa basi la kesho yake."

Na lebo zikifika zipigie picha uwe nazo kwenye simu, siku ya ukaguzi stoo inaweza kuwa imefungwa.